Haya za Afande

Jamani, tuwaonee imani maafande. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru polisi wanaosimamia maandamano wavae sare, wasifiche nyuso, na magari yao yawe na namba za usajili. Amri nzito. Tangu lini mwali akaanikwa uwanjani?

Ndiyo maana siku ya maandamano ya Saba Saba, Julai 7, 2025, wanaume waliojifunika nyuso walionekana Nairobi na magari, mengine yakiwa na namba zilizofichwa. IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ikalalamika kuwa amri imekiukwa. Mimi niliona unyenyekevu. Mtoaji sadaka wa kweli hatangazi jina, na risasi nayo ni kutoa.

Kondakta wa matatu ni mambo mengine. Tangu kanuni za matatu za waziri Michuki zilizoanza kutumika 2004, akikosa sare ya maruni au beji, anaweza kulala ndani. Na anastahili! Yule ameshika mlango na nauli za watu. Mwenzake ameshika bunduki tu.

Wanahabari nao wana pupa. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo vya redio na televisheni visirushe maandamano moja kwa moja, kwa huruma tu, ili tusiharibu macho. Mpiga picha angengoja barabara ioshwe, apige picha safi. Mahakama, bila haya, ikalisitisha agizo siku hiyohiyo.

Ningekuwa jaji, amri inayofuata ningeisoma nimevaa soksi usoni, nimeegesha Subaru isiyo na namba mlangoni. Pengine hiyo ingesikika.