Chupa ya Haidrojeni

Watafiti wa Japani walianza vizuri. Mwaka 2007, katika jarida la Nature Medicine, walionyesha kwamba panya waliovuta gesi ya haidrojeni wakati damu inarudi ubongoni baada ya kukatizwa waliumia kidogo kuliko wenzao. Muda si muda gesi ikatiwa kwenye maji, maji yakatiwa chupani, na bei ikapanda.

Wakapimwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Jaribio dogo la 2013 lilitia moyo: lita moja ya maji hayo kila siku. Kubwa zaidi, lililotoa matokeo 2018, halikuona tofauti ya maana kati ya maji hayo na maji matupu. Hilo halijabandikwa kwenye chupa.

Sisi wa Kibera na Kawangware, Nairobi, tunashukuru kwa ushauri wa kunywa maji hayo. Maji yetu huja kwa mtungi wa lita 20, na swali letu ni kama bomba limepita ndani ya mtaro wa maji taka. Lita moja ya maji ya haidrojeni hubeba miligramu 1.6 hivi za gesi hiyo, nazo hutoroka kifuniko kikifunguka, kama mpangaji aliyesikia kikohozi cha landilodi. Huku chupa hiyo ikiuzwa, mwenye kifafa mtaani kwetu bado anaulizia fenobabitoni, dawa ya kifafa ya tangu 1912.

Lakini kama ni haidrojeni tu, karibuni githeri. Mabaki ya maharagwe huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na gesi mojawapo inayotoka ni hiyo hiyo. Matibabu ni ya bure. Abiria wenzako kwenye matatu wanapata dozi pia, watake wasitake.