Jinsi ya Kutibu Presha kwa Chupa Yenye Picha ya Komamanga

Sharti la kwanza ni kuwa na presha, nalo si gumu. Wewe usipime tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Jiunge nao, ni kundi lenye usingizi mzuri. Wahudumu wa afya wakikuvizia kwenye upimaji wa bure na mashine ikasoma 168 kwa 104, waambie umetoka kupanda ngazi.

Kama uko kijijini na presha imekataa kupanda, panda wewe basi la mjini. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha kuwa presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki, tena mapema tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi, ile ya kwenye chumvi, na potasiamu kidogo. Kwa hiyo chipsi zako zinyunyizie chumvi kabla hujazionja. Maharage na mchicha waachie waliobaki nyumbani.

Sasa jifunze sayansi, ya kutosha kusemea watu lakini isiyofika mahali pa kukusumbua. Utando wa ndani wa mshipa wa damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo huulegeza mshipa damu ikapita kwa nafasi. Robert Furchgott aliandika mwaka 1980, baada ya kuhangaika na vipande vya mishipa ya sungura, kwamba utando huo ukikwanguliwa, mshipa hukataa kulegea hata ukiwekewa kemikali ya kuulegeza. Mwaka 1998 yeye na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel kwa habari za gesi hiyo.

Adui wa gesi hiyo ni supaoksaidi, yaani oksijeni iliyobeba elektroni ya ziada na isiyotulia. Vikikutana, gesi inaliwa, kinazaliwa kitu kingine kikali zaidi, mshipa unakaza. Chembe kali za namna hiyo zikizidi uwezo wa mwili kuzizima, wenyewe wanaita msongo wa oksidi. Moshi wa sigara huja nazo zikiwa tayari. Nyingine zinatengenezwa humo humo kwenye ukuta wa mshipa, na kimeng'enya kinachoamshwa na homoni iitwayo anjiotensini ya pili.

Hiyo anjiotensini isahau upesi. Wewe shika neno antioksidanti, maana ndilo lililoandikwa kwenye chupa.

Chupa yenyewe utauziwa na shemeji aliyerudi kutoka semina ya hotelini. Ina picha ya komamanga lililopasuliwa, na bei yake ingetosha vidonge vya presha vya miezi kadhaa. Hoja ya shemeji imenyooka: chembe kali zinaleta presha, chupa inaua chembe kali, basi chupa inaua presha. Usimuulize habari za mwendo. Supaoksaidi huidaka oksidi ya nitriki kwa kasi ambayo vitamini C ya kumeza haiifikii. Inakuwa kama mgeni anayeingia karamuni watu wakinawa mikono baada ya kula.

Wala usimtajie jaribio la HOPE, lililoongozwa na Salim Yusuf kutoka Hamilton, Kanada. Watu zaidi ya 9,000 wa miaka 55 na kuendelea, wote katika hatari ya maradhi ya moyo, walipewa ama vitamini E ya uniti 400 kila siku ama kidonge kisicho na kitu, kwa miaka minne na nusu hivi. Majibu yalitoka mwaka 2000: vitamini E haikuwasaidia kitu. Kinachoudhi ni kwamba jaribio hilo hilo lilipima pia ramipril, dawa isiyo na picha ya tunda lolote, na hiyo ikapunguza kwa asilimia 22 jumla ya viharusi, mishtuko ya moyo na vifo vya maradhi hayo. Ramipril huzuia kutengenezwa kwa ile anjiotensini niliyokuomba uisahau.

Ukiandikiwa dawa ya jamii hiyo, mlango wa kutorokea upo: baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu. Kikikuanza, usirudi kwa daktari, kwani anaweza kukubadilishia akakupa losartan, na kikohozi kikaisha. Dawa iache kimyakimya.

Onyo moja. Usije ukala komamanga lenyewe ukalifanya mazoea, pamoja na mboga. Mlo uitwao DASH, uliopimwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997, ulishusha presha kwa matunda, mboga na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na hakuna shemeji anayepata kamisheni kwenye mchicha.

Chupa ya tatu ikiisha na mashine bado inasoma 168, shemeji atakueleza kwamba hizo ni sumu zinatoka. Agiza katoni.