Kipanga Mwenye Kesi

Anayetafuta kiota cha kipanga msituni hutembea akitazama chini. Wageni hawaamini. Wanaingia Karura, hapa Nairobi, na darubini shingoni, nyuso juu tangu langoni, na kabla ya kufika kwenye maporomoko wameshajikwaa kwenye mizizi na kugombana na wapanda baiskeli. Kipanga hujitangaza ardhini: kinyesi cheupe kilichorushwa juu ya majani, manyoya ya njiwa yaliyonyofolewa kwenye gogo, na vidonge vya manyoya anavyovitapika baada ya mlo. Ukiuona uchafu huo, ndipo uinue kichwa. Taratibu, na mdomo umefungwa.

Hilo la mdomo nilimsisitizia mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka mashambani, akasikia kwamba Jumapili zangu huishia kwa vipanga, akajifunga leso kiunoni na kutangulia mlangoni. Nilidhani ni mapenzi ya ndege. Kumbe alikuwa na kesi. Kifaranga wake alinyakuliwa uani mchana kweupe, na sura ya mshukiwa alikuwa nayo yote kichwani: mgongo mweusi, kifua cheupe, macho mekundu, hana haya. Ukiondoa hilo la mwisho, huyo ni kipanga mweusi mtupu, na ni nadra kusikia maelezo safi hivyo kutoka kwa watu wenye darubini za bei ya ng'ombe.

Maana ndege wa kitabuni amesimama ubavu, rangi zote zimetimia, utadhani anapigwa picha ya kitambulisho. Wa kiotani anakuonyesha ncha ya mkia iliyochungulia kwenye fungu la vijiti, juu kabisa. Mkia una milia, na milia hiyo anayo karibu kila mtu katika ukoo wao. Vijana wao ndio balaa: hudhurungi, kifua kimejaa michirizi, hawafanani na mama wala baba. Watu wazima wenye akili timamu wamewahi kuapa mbele yangu kwamba wale ni tai. Sauti nayo usiitegemee, kwa sababu kurumbiza yupo kichakani, na kurumbiza huiga kila anachokisikia. Mama alimnyemelea mmoja hadi ndani ya miiba, fimbo mkononi, tukachelewa kwa ajili ya kuinasua leso.

Kiota tulikikuta kwenye panda ya mkaratusi. Miti hii ililetwa Kenya enzi za mkoloni iwe kuni za treni, na wengi hawaipendi kwa jinsi inavyokunywa maji. Hapa Karura inaondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi. Kipanga hajashirikishwa katika mjadala huo. Yeye anataka mti mrefu, panda imara, na njiwa wa kutosha mtaani.

Wenyewe walikuwa nje, wote wawili, wakipiga kelele na kukipitia kiota kwa kasi.

“Yule mdogo ni mtoto wake,” akasema Mama.

“Ni mume wake, Mama. Jike humzidi dume kwa mbali. Uzito wake hukaribia mara mbili.”

Akamtazama yule dume kwa huruma, kesi ikaelekea kulegea. Ndipo kichwa kikainuka kiotani. Kichwa kirefu, chenye doa la kahawia kuzunguka jicho, kikatutazama sisi, kikawatazama vipanga, kikatoa sauti ya kukwaruza, kisha kikatulia.

“Huyo si bata?”

“Bata bukini wa Misri. Hutaga juu ya miti pia, na akikuta kiota cha kipanga hajisumbui kujenga.”

“Ana hati ya kumiliki?”

Kwa Karura, swali hilo si la mzaha. Miaka ya 1990 msitu huu ulikatwakatwa kwenye karatasi na kugawiwa wajenzi, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti. Wanyakuzi hatimaye walishindwa. Na sasa, juu ya vichwa vyetu, mnyakuzi mwingine alikuwa amelalia mayai, bila wakili.

Mama alicheka hadi askari wa msitu akaja kutuomba tupunguze sauti. Akasimuliwa kesi yote, kuanzia kifaranga. Wakati huo dume alikuwa ameanza kubeba vijiti kuelekea mkaratusi wa pili.

“Umeandika nini humo daftarini?” Mama akaniuliza.

Nikamsomea: kipanga mweusi, jike na dume, wanajenga.

“Ongeza: mwizi kaibiwa.”

Nikaongeza. Kisha akamgeukia askari, akamuuliza bata kama yule huuzwa soko gani, maana kuku wake wanahitaji mlinzi.