Wakili wa Valvu: Mwongozo kwa Mwenye Amplifaya Inayovuma

Amplifaya ya hedifoni ya valvu ikianza kuvuma, valvu ndiyo hukamatwa kwanza. Ndiyo inayoonekana, inawaka, imechomoza juu ya boksi, na kuichomoa hakuhitaji hata bisibisi. Mwenye mali anaagiza 12AU7 nyingine, tena ya zamani iliyotengenezwa Ulaya, kwa bei inayouma. Inafika, anaichomeka, mvumo uko palepale. Basi anaagiza ya pili. Mimi nasimama upande wa mshtakiwa: valvu nzima hudumu maelfu ya saa, lakini lehemu iliyochomwa kwa haraka inaweza kukusumbua tangu jioni ya kwanza. Kabla ya kufungua pochi, fungua kifuniko, upime.

Ila kwanza uhai wako. Amplifaya ndogo yenye 12AU7 mbele na 6080 nyuma huwa na takribani 150 hadi 200 V za DC ndani yake, na kuzima swichi hakuziondoi. Kapasita ya 100 µF inayojimwaga kupitia rezista ya 100 kΩ huchukua sekunde 10 kushuka hadi kwenye kama theluthi moja ya volti zake. Subiri mara tano ya hapo, yaani sekunde 50, ndipo 200 V zinashuka chini ya 2 V. Hiyo ni kama rezista ni nzima na haijachomoka. Kwa hiyo usiamini saa, amini mita: pima kapasita kila mara kabla ya kuingiza kidole. Ukilazimika kupima huku umeme unawaka, mkono mmoja ufanye kazi, mwingine ukae mfukoni.

Kama amplifaya unaijenga mwenyewe, na kifurushi cha vipande vyake kimetoka Marekani, soma maandishi ya transfoma kabla ya kuchomeka. Kule umeme wa nyumbani ni 120 V. Huku Tanzania ni 230 V. Transfoma haina subira na mtu asiyesoma.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya 100 W mfululizo na waya wa umeme. Iwe balbu ya nyuzi, LED haifai hapa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti mahali. Zima na utafute, na balbu imekuokolea transfoma.

Sasa mvumo wenyewe, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Sikiliza ni mvumo gani. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Mvumo wa 50 Hz mara nyingi hutoka kwenye nyaya za hita, kwenye transfoma iliyokaa karibu mno na nyaya za sauti, au kwenye mzunguko wa ardhi kati ya amplifaya na chombo kinacholeta muziki. Wa 100 Hz, oktavu moja juu yake na wenye ukali zaidi, kwa kawaida hutoka kwenye usambazaji umeme: daiodi hugeuza kila nusu ya wimbi, na kapasita iliyochoka haiwezi tena kulainisha. Programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itakutofautishia haya kwa dakika moja, bure.

Kisha shusha volyumu hadi mwisho. Mvumo ukipotea, unaingia kabla ya volyumu: angalia waya wa kuingiza sauti na jeki zake. Ukibaki vilevile, uko baada yake, na hakuna waya wa bei mbaya utakaoutibu.

Geuza amplifaya chini juu. Miguu ya valvu huhesabiwa kwa mwendo wa saa ukitazama soketi kutoka chini. Anayehesabu akitazama kutoka juu huunganisha kila kitu kinyume. Kwenye 12AU7, hita ya 6.3 V hupata umeme kati ya mguu wa 9 na miguu ya 4 na 5 iliyounganishwa pamoja. Nyaya zake mbili zisokotwe kwa kubana tangu kwenye transfoma hadi kwenye soketi, zilale kwenye kona ya boksi, mbali na gridi. Gusa kila lehemu kwa kijiti cha mbao huku unasikiliza. Ile inayokwaruza ndiyo yenye kesi.

Na tafadhali, usikate waya wa ardhi wa plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaweza kuisha kweli, na siku waya wa moto utakapogusa boksi la chuma, utakayeufikisha ardhini ni wewe. Katika nyumba nyingi tundu la tatu la soketi halina kitu nyuma yake. Mwite fundi umeme aliangalie kabla hujajenga chochote chenye 200 V.

Mvumo ukiisha lakini sauti ni ya upande mmoja, pima kathodi. Rezista ya 1 kΩ yenye 2 V inapitisha 2 mA. Ikionyesha sifuri huku anodi ina volti zote, mkondo haupiti: hita imepoa, au mguu haushiki kwenye soketi. Unga mguu, safisha, rudia. Hatimaye tazama kioo. Doa la fedha lililo ndani ya valvu likigeuka jeupe, hewa imeingia, na hiyo valvu imekufa kweli, nunua moja.

Pima pia DC kwenye tundu la kutokea kabla ya kuchomeka hedifoni unayoipenda. Na kwa amplifaya isiyo na transfoma ya kutolea sauti, chagua hedifoni ya 300 Ω. Kama ndani ya amplifaya kuna upinzani wa 120 Ω kwenye njia ya kutokea, hedifoni hiyo hupata asilimia 71 ya volti. Ya 32 Ω huambulia 21 tu, halafu lawama huangukia valvu.