Bosi, Mpishe Mwenye Tawi Kiti: Mambo 7 ya Kuuza Fransizi kwa Podikasti ya Video

Ukiuza fransizi unauza jina. Mtu analipa ada ya kuingia, anapewa nembo, mapishi na taratibu, anafungua tawi, kisha kila mwezi anakulipa mrabaha. Ada hiyo huenda ikawa kiinua mgongo chake chote. Hawezi kukukabidhi kwa tangazo la sekunde 30. Anataka akutazame usoni saa nzima unavyojibu maswali. Kazi hiyo podikasti ya video inaiweza. Haya, tuhesabu kurudi nyuma.

7. Nunua maiki kabla ya kamera. Picha yenye ukungu watu huvumilia. Sauti inayovuma kama uko kisimani hawaivumilii, hata ukiwa unagawa matawi bure.

6. Katakata mazungumzo. Saa nzima ibaki YouTube, vipande vya dakika moja viende TikTok na status za WhatsApp. Kila kipande kijibu swali moja tu. Shemeji yake mteja ndiye atakayemtumia kipande hicho.

5. Historia yako ifupishe, uso wako usiufiche. Harland Sanders alikuwa amevuka miaka 60 alipompa Pete Harman wa Salt Lake City fransizi ya kwanza ya KFC, mwaka 1952. Kampuni aliiuza 1964, lakini alibaki kuwa sura yake, na suti nyeupe juu. Wateja waliitambua kampuni kwa uso wa mzee huyo. Dakika 5 za historia zinatosha, bosi. Hata Sanders hakuuza uso mtupu, alikuwa na kuku wa kukaanga.

4. Rekodi dukani. Achana na studio yenye sofa na ua la plastiki. Tuoneshe jikoni saa 7 mchana: kengele ya kikaangio inalia, kijana ananyanyua kikapu cha chipsi, anakung'uta mafuta, anamwaga, anatia chumvi kwa kipimo, anarudi kwenye foleni. Hajamuuliza mtu chochote. Mnunuzi wa tawi analipia utaratibu huo, basi mwache autazame mpaka aridhike.

3. Omba uulizwe swali la viazi. Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa. Wakenya waliwaka, na walikuwa na haki: viazi ni zao la pili la chakula nchini mwao baada ya mahindi! Kampuni ikaeleza kwamba kila anayeiuzia bidhaa lazima kwanza apite ukaguzi wake wa ubora. Fransizi ndivyo ilivyo. Nani anachagua muuza viazi? Si mwenye tawi, hata kama shamba la mjomba wake liko nyuma ya duka. Mwambie hivyo mbele ya kamera, kabla hajalipa.

2. Usitaje faida usiyoweza kuithibitisha. Marekani, tume ya biashara ya serikali, FTC, inamtaka mwenye jina ampe mnunuzi waraka wenye vipengele 23, siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Madai yoyote ya mapato, yawe ya mdomo, ya maandishi au ya picha, hata kwenye vyombo vya habari, lazima yawe na msingi na yawemo katika kipengele cha 19. Afrika Kusini mnunuzi ana siku 10 za kazi za kujitoa baada ya kusaini. Uko Dar au Nairobi? Jipime kwa kipimo hicho hicho. "Tawi linarudisha mtaji miezi 6" ni sentensi tamu sana, na kuna mwalimu mstaafu anaisikiliza akiwa na kitabu cha benki mkononi.

1. Inuka, kiti akalie mwenye tawi. Maswali yawe haya: mwezi wa kwanza kodi ya pango uliilipaje? Friji ilipokufa Jumamosi usiku, makao makuu nani alipokea simu? Leo ungesaini tena? Waraka ule wa Marekani, katika kipengele cha 20, huorodhesha mawasiliano ya wenye matawi waliopo na ya walioondoka karibuni, ili mnunuzi awapigie mwenyewe. Wewe mkaribishe hata aliyeondoka. Dakika 10 za mwenye tawi zinauza kuliko saa yako nzima, kwa sababu yeye hana tawi la kumuuzia mtazamaji.

Na wakikataa wote kukaa kwenye kiti hicho, ahirisha kurekodi. Panda gari, uwapitie mmoja mmoja, uwasikilize.