Mshauri Awajibu Wagombanao kwa Nahau

Bwana Mshauri,
Mimi ni katibu wa kamati ya maji hapa Leparua. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kwa Kiingereza "the borehole we agreed on", akasimama mwalimu mmoja mstaafu na kushikilia kwamba Kiingereza hakikubali sentensi kuishia na kihusishi. Tulibishana hata jua likatua, na kisima hakikuguswa. Nifanyeje?
— Katibu Mwenye Kiu

Ndugu Katibu,
Kaida aishikiliayo mwalimu aghalabu hunasibishwa na Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, ambaye kitabu chake cha nahau kilitoka mwaka 1762. Lakini Lowth hakuiharamisha kauli iishiayo na kihusishi, bali aliona tu kwamba haipendezi katika maandishi ya taadhima, na, ama kwa mzaha ama kwa kughafilika, maneno yale yale aliyoielezea aliyaishiliza kwa kihusishi. Hata hivyo usishindane na mwenye wino mwekundu. Mkutano ujao jambo la kwanza liwe kisima, na kihusishi kijadiliwe baada ya chai, watu wakishaanza kuondoka, maana sioni mahali pakifaapo hicho zaidi kuliko mwishoni.

Ama yule bibi wa Isiolo mjini aulizaye kama herufi "t" ya neno "often" hutamkwa, kamusi za Waingereza zimeruhusu yote mawili. Basi, bibi, tamka lile litakalomuudhi zaidi wifi yako.

Bwana Mshauri,
Mwanangu amerudi kutoka masomoni Mombasa, na kila nisemapo "mbuzi yangu imepotea" hunikatiza: "Sema mbuzi wangu amepotea, baba." Je, nimekosa?
— Mzee wa Mifugo, Leparua

Mzee wangu,
Kwa sheria ya Kiswahili sanifu, ambayo huwapa wanyama upatanisho wa watu, kijana amesema kweli. Lakini usanifu wenyewe uliamuliwa mezani, katika mkutano wa mwaka 1928 uliokifanya Kiunguja kuwa msingi, nao ulifanyika Mombasa hiyo hiyo, ambako Kimvita kilikuwa kimekwisha kutungiwa mashairi na Muyaka bin Haji karne nzima nyuma. Hivyo anayejigamba kwa Mombasa na ajue kwamba Mombasa nayo imewahi kusahihishwa. Tena muulize kwa upole: mbona yeye husema "baba yangu", wala hasemi "baba wangu"? Atakujibu kwamba majina ya jamaa, kama ndugu na shangazi, yamepewa ruhusa yao. Nawe mwambie kwamba huko Leparua, ambako mbuzi ndiye aliyemlipia karo, mbuzi naye ni jamaa.

Katika "imepotea", hata hivyo, sina hoja ya kukutetea, kwani hata baba akipotea, amepotea. Na mwanao, maadamu ndiye ajuaye upatanisho, aende akamtafute mbuzi kabla ya magharibi.