Majibu ya Kupika

Mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza huingia maabara ya kemia shingo upande. Amekuja chuoni kujenga madaraja, kumbe anavishwa koti jeupe akodolee macho bureti, akingoja tone moja libadilishe rangi. Tone hilo lina desturi ya kuja na wenzake. Fenolfthalini, iliyotakiwa kuona haya kidogo tu, inawaka waridi la kuonekana toka mlangoni, na hapo upishi unaanza. Jirani amepata 24.60, basi naye anaandika 24.60 mara tatu, asionekane mzembe. Ufundi huu anatoka nao sekondari: kwenye mtihani wa vitendo wa KCSE, jibu linalokaribiana na la mwalimu lina alama zake. Lakini maabara hii isifutwe. Ndiyo mahali pa gharama nafuu kuliko pote pa kumkomesha mhandisi kupika majibu.

Tuchukue Gotu, kaunti ya Isiolo. Mto Ewaso Ng'iro unapita hapo ukielekea Merti na kinamasi cha Lorian, lakini ukame ukibana, tegemeo ni kisima. Katika nchi kavu, maji yaliyokaa mwambani muda mrefu mara nyingi hutoka magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu. Dalili zake hazihitaji digrii: sabuni inasuguliwa hadi iishe bila povu, na sufuria ya chai inaota ukoko mweupe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ugumu ukipita takriban miligramu 200 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ukoko huweza kujijenga hata mabombani. Kuupima ni titresheni ile ile inayodharauliwa: EDTA kwenye bureti, maji kwenye pH 10, na rangi inayotoka nyekundu ya mvinyo hadi buluu. Ukipika hapa ukaandika maji ni laini, bomba halitasoma ripoti yako, litaziba tu.

Watasema mhandisi ana fundi wa maabara. Anaye, ila sahihi chini ya ripoti ni ya mhandisi, na asiyewahi kupitisha tone hatashtuka akiletewa vipimo vitatu vinavyofanana kama mapacha. Watasema kuna vipima vya kidijitali. Vipo, ila kile cha upitishaji umeme hutoa namba moja ya chumvi zote kwa jumla; hakitenganishi sodiamu, isiyoleta ukoko, na kalsiamu inayouleta. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: majaribio yanachosha kwa kuwa jibu liko kabatini kabla ya koti kuvaliwa. Hapo nakubali, na dawa ni jerikeni la maji ya kisima cha Gotu, ambalo hata mhadhiri hajui lina nini. Nusu yachemshwe kabla ya kupimwa, maana ugumu wa bikaboneti huondoka kwa moto, ule wa salfeti hubaki. Alama apewe anayeandika kwamba tone lilimponyoka na kueleza limeharibu jibu kwa kiasi gani. Na atakayeleta vipimo vitatu sawa hadi desimali ya pili apandishwe gari la Merti, ashukie Gotu, arudie jaribio akisimamiwa na akina mama wenye mabeseni ya nguo na sabuni isiyotoa povu.